Dawa Nne kwa Uvimbe Mmoja

Hoja iliyo mezani ni hii: mtoto wa Kipatimu, wilayani Kilwa, akikutwa na saratani, apewe mseto wa dawa nne au tano kama anaopewa mtoto wa London, au apewe dawa moja ambayo mwili wake, mfuko wa mlezi wake na barabara ya kwao vitaihimili?

Nimewaketisha watu wanne, na wote wanne nimewabuni. Daktari ni tabibu mstaafu aliyezunguka zahanati na vituo vya afya vya Kilwa maisha yake yote ya kazi. Cheti chake kinasema tabibu, lakini huku Umatumbini hakuna anayemwita hivyo. Mwalimu anafundisha hisabati sekondari. Bibi analea wajukuu wawili ambao mama yao yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Babu ni mganga wa mitishamba, na sikumwita ili achekwe.

Ugonjwa wanaoujadili si wa kubuni. Ni uvimbe wa Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo huku kwetu hupenda kuanzia kwenye taya la mtoto, na ambayo huonekana zaidi mahali ambapo malaria haina msimu wa kupumzika. Pwani ya Lindi ni mahali pa namna hiyo. Ningeweza kuchagua saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi, zinazoua watu wengi zaidi. Lakini hakuna saratani ambayo Afrika Mashariki imeifundishia dunia kama hii, wala inayoonyesha waziwazi hivi mseto unaweza nini na unashindwa wapi.

BIBI: Kwanza mniambie ninyi mliosoma. Mtoto analalamika jino. Unamfungua mdomo, kweli jino linacheza. Kesho kutwa la pili linacheza, na umri wa kung'oka magego hajaufikia. Unampeleka, linang'olewa, shavu linazidi kuvimba. Wiki mbili, jicho linaanza kusukumwa juu. Hapo ndipo unaambiwa si jino. Sasa uvimbe wenye mbio kiasi hicho, hizo dawa nne zitauwahi?

DAKTARI: Mbio zake ndizo udhaifu wake, Bibi. Dawa nyingi za saratani huiua seli wakati inajigawa, na uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Seli zake karibu zote ziko kazini. Ukiupiga unayeyuka, ndani ya wiki moja uso wa mtoto unaanza kurudi. Hatari ni mbili. Ya kwanza, unayeyuka haraka hadi mabaki ya seli zilizokufa yanaelemea figo. Kwa hiyo kabla ya dawa yenyewe mtoto anawekewa dripu ya maji mengi, anapewa vidonge vya alopurino, na kila mkojo anaokojoa unapimwa kwenye chupa na kuandikwa. Muuguzi mvivu wa kupima mkojo anaweza kumpoteza mtoto ambaye dawa imemponya. Ya pili ni uvimbe kurudi.

MWALIMU: Hiyo ya pili niachieni mimi. Uvimbe wa gramu moja, ukubwa wa harage hivi, una seli kama bilioni moja. Tuseme katika kila seli milioni kuna moja ambayo dawa ya kwanza haiigusi. Ukitoa dawa hiyo peke yake, zinakufa zote isipokuwa 1,000. Taya limenywea, bibi anashukuru Mungu, mtoto anarudi nyumbani. Lakini elfu moja zikijizidisha mara mbilimbili, safari 20 tu zimerudi kuwa bilioni. Kwa mbio alizozitaja Daktari hiyo ni kama mwezi mmoja, na safari hii zote ni za ukoo ule usiosikia dawa.

BABU: Na ukiongeza ya pili?

MWALIMU: Kama ya pili nayo inakosa seli moja katika milioni, basi ya kuzikwepa zote mbili ni moja katika milioni mara milioni. Katika bilioni yako hutarajii kuikuta hata moja. Ndiyo maana zitolewe pamoja, si hii ikishindwa ndipo ije ile. Ukizipanga foleni, kila moja inakuta adui aliyebaki ni yule aliyekwisha kuishinda iliyotangulia.

DAKTARI: Hesabu nzuri, ila inadhani seli iliyojifunza kuikwepa dawa moja haijajifunza kitu kingine. Zipo seli zenye pampu kwenye ukuta wake zinazotema dawa za aina kadhaa kwa mpigo. Halafu kuna maficho: dawa nyingi za kwenye mshipa haziingii vizuri kwenye ubongo na uti wa mgongo. Lakini msingi wake ni huohuo, na haukuanzia kwenye saratani. Streptomaisini ilipotumika peke yake miaka ya 1940, wagonjwa wa kifua kikuu walinenepa, wakacheka, kisha wengi wakaanguka tena, na vijidudu vyao havikuijali tena dawa. Ikaongezwa dawa ya pili, kisha ya tatu, usugu ukapungua. Malaria hali kadhalika. Mnakumbuka klorokwini ilivyostaafishwa mwaka 2001, ikaja SP, nayo ikachoka upesi, hadi serikali ikahamia ALu mwaka 2006. Leo mtoto wa darasa la tatu anajua kuiita dawa mseto.

BABU: Mwalimu anahesabu, mimi nitasema nilichokiona. Nguruwe pori akiingia kwenye mihogo hawindwi kwa mbwa peke yake. Mbwa wa kumtoa kichakani, wavu wa kumziba njia, mkuki wa kummaliza. Ukileta mbwa kumi bila wavu, umeleta kelele.

DAKTARI: Umeimaliza, Babu. Siklofosfamidi inaunganisha nyuzi za DNA ili seli isiweze kuzinakili. Methotrekseti inainyima seli vifaa vya kutengenezea DNA mpya. Vinkristini inavunja zile kamba ambazo seli huzitumia kujigawa pande mbili. Doksorubisini nayo ina njia zake. Tatu za mbwa zisingekuwa mseto. Na kuna sharti jingine ambalo wawindaji wanalijua: mkuki usimchome mbwa. Siklofosfamidi hukausha uboho, yaani kiwanda cha damu, na hukera kibofu. Vinkristini haigusi sana uboho, madhara yake ni kwenye neva: ganzi ya vidole, choo kigumu. Methotrekseti hutoa vidonda mdomoni. Doksorubisini huonea moyo, na mkojo hugeuka mwekundu hadi mama anapiga kelele akidhani ni damu. Ukichagua dawa ambazo kila moja inaumiza mahali pake, unaweza kutoa kila moja kwa dozi kamili na mtoto akabeba. Ukichagua zote zinazokausha uboho, utalazimika kuzipunguza zote, na dozi zilizopunguzwa ndizo zinazofundisha seli usugu.

Hadi hapa wanne hawa wangeweza kukubaliana na kwenda zao. Wazo hili lilipoingizwa kwenye saratani halikupokelewa kwa ukarimu huo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alichapisha habari za watoto wenye saratani ya damu waliopata nafuu kwa dawa moja. Nafuu ilidumu miezi, ugonjwa ukarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Emil Frei na Emil Freireich wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani waliamua kuwapa watoto wa namna hiyo dawa nne kwa pamoja: vinkristini, methotrekseti, merkaptopurini na prednisoni. Wapo wenzao walioona ni ukatili. Kumpa mtoto anayekufa sumu moja ilikuwa tiba. Kumpa nne kulionekana kama kumtesa kabla ya kumzika. Leo katika nchi tajiri watoto karibu 9 kati ya 10 wenye saratani hiyo ya damu wanapona, na hakuna hata mmoja anayetibiwa kwa dawa moja.

Kwa hiyo ubishi wa kama mseto una nguvu umekwisha, na sitaki kuwapotezea wasomaji muda kwa kujifanya haujaisha. Uliobaki ni mgumu zaidi, na Babu ndiye aliyeufungua.

BABU: Nina swali. Nimesikia kwamba ugonjwa huu uligunduliwa hapo Uganda na ukatibiwa kwa dawa moja, na watoto wakapona. Ni kweli au si kweli?

DAKTARI: Kweli kabisa. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za mataya, akaanza kufuatilia, na mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia gari la mtumba wakateremka kusini kupitia Tanganyika, hospitali moja hadi nyingine, wakiuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Ndivyo ilivyojulikana kwamba uvimbe unafuata joto na mvua, yaani unafuata mbu. Mulago hapakuwa na mashine ya mionzi, na uvimbe wa taya kuukata wote haiwezekani. Ikabaki dawa. Na wapo waliopona kwa dozi chache za siklofosfamidi tu.

BABU: Basi! Wenye ugonjwa ni sisi, dawa moja iliponya, leo tunaambiwa nne. Kuna mtu anauza.

DAKTARI: Iliponya baadhi, Babu. Hasa wale ambao uvimbe ulikuwa wa taya peke yake na mdogo. Wenye uvimbe wa tumboni, au ulioingia kwenye uti wa mgongo, uliwarudia. Mwaka 1967 Makerere na Wamarekani walifungua pale Mulago kituo cha kutibu saratani hizi, ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler na wenzake wakajaribu siklofosfamidi, vinkristini na methotrekseti pamoja, wakaongeza sindano ya methotrekseti kwenye uti wa mgongo kwa sababu ugonjwa ulikuwa unajificha huko. Idi Amin alipokuja na Wamarekani wakaondoka, Charles Olweny, Mganda, aliishika ile kazi katikati ya uhaba wa kila kitu. Mwaka 1972 tuzo kubwa ya Lasker ya Marekani ilipotolewa kwa waliokuza tiba ya saratani kwa dawa, Burkitt na Ziegler walikuwa kwenye orodha moja na Frei na Freireich. Mulago haikuwa ikinakili. Ilikuwa inaandika.

MWALIMU: Lakini Babu ana hoja, Daktari, na hukuijibu yote. Nimesoma habari za Malawi. Pale Blantyre madaktari walitumia siklofosfamidi peke yake kwenye mshipa, wakaongeza sindano za uti wa mgongo, dozi chache, gharama ndogo, kama siku 28 za tiba. Karibu nusu ya watoto walimaliza mwaka bila ugonjwa kurudi. Ulaya kwa mseto mzito wanavuka 90 katika 100. Sasa niambie: ukiuchukua mseto ule wa Ulaya ukauleta huku ulivyo, utapata 90?

DAKTARI: Hapana.

MWALIMU: Kwa nini? Dawa si zilezile?

DAKTARI: Kwa sababu ya siku ya kumi.

Hapa nitamkatiza, kwa kuwa jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Dawa ikishaingia mshipani mtoto anakaa siku chache akiwa hoi, anatapika, kisha anachangamka. Wazazi wengi huona kazi imekwisha. Lakini uboho uliopigwa siku ya kwanza hauonyeshi upungufu papo hapo: chembe nyeupe zilizokuwa tayari kwenye damu zinaendelea kuisha bila kurithiwa, na kati ya siku ya 7 na ya 14 hesabu yake huwa imefika chini kabisa. Siku hizo mtoto hana askari. Kidonda kidogo mdomoni, vijidudu vya tumboni mwake mwenyewe, vinaweza kuingia kwenye damu. Dalili ya pekee huwa ni homa. Homa hiyo inataka antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja hivi, si kesho asubuhi. Huku kwetu homa ya mtoto ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mlezi mwema atafanya kile alichofundishwa: atapimisha malaria, atanunua panadoli, atangoja. Kadiri mseto unavyokuwa mzito ndivyo shimo la siku ya kumi linavyokuwa refu. Kwenye wodi yenye damu ya kuongeza, maabara ya usiku na muuguzi anayejua, mtoto anavushwa. Kijijini, mseto uleule unaomponya wa London unaweza kumuua wa Kipatimu kabla saratani haijamuua.

Hivyo mtu akinieleza habari za mseto mpya wenye nguvu kuliko wa zamani, simuulizi una dawa ngapi. Namuuliza siku ya kumi mtoto atakuwa wapi.

BIBI: Mimi nitawaambia alipo. Yuko njiani. Daktari anasema njoo baada ya wiki tatu, nawe huwezi kukaa mjini wiki tatu kwa watu, unaonekana mzigo, unarudi. Bodaboda hadi Njia Nne, hapo usubiri basi la Dar, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, unafika Mbagala usiku na mtoto amelegea. Huo ni mwendo wa mara moja. Mwataka aende mara sita, saba. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara pale Somanga, magari yakalala siku kadhaa huku na huku. Aliyekuwa na tarehe yake wiki ile angefanya nini? Angepaa?

MWALIMU: Na mzunguko ukichelewa, ile hesabu yangu inaanza kurudi nyuma.

DAKTARI: Inarudi kweli. Muda kati ya mizunguko umepimwa: uboho upumzike kiasi cha kutosha, uvimbe usipumzike. Ukichelewesha wiki mbili, umempa adui nusu ya ule mwezi wa Mwalimu. Mimi ndiyo maana ningependa kusema wazi, hata kama Wizara hainisikii: mseto ulioanzwa ukaachwa njiani ni mbaya kuliko dawa moja iliyomalizwa. Umemchosha mtoto, umemaliza fedha za mlezi, na umebakiza seli zilizofundishwa.

BABU: Sasa unakuja kwangu. Maana nilichosema ni hicho: mpe kile atakachomaliza.

DAKTARI: Siji kwako mzima mzima. Ukisema Kipatimu wapewe dawa moja kwa sababu wako mbali, umeshakubali nusu yao wafe kwa sababu wako mbali. Wa Mbagala apone, wa Kipatimu abahatishe. Hilo silikubali.

MWALIMU: Na kuzidisha je? Kama nne ni bora kuliko moja, mbona tusitoe nane, au nne kwa dozi mara kumi?

DAKTARI: Limeshajaribiwa, na Afrika ina aibu yake humo. Miaka ya 1990 maelfu ya wanawake wenye saratani ya matiti, wengi wao Marekani, walipewa mseto kwa dozi za kuua kabisa uboho, kisha wakarudishiwa chembe zao zilizokuwa zimehifadhiwa. Matokeo mazuri yaliyotangazwa mwaka 1999 yalitoka Johannesburg kwa Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wakaguzi wakaenda kutazama majalada, na mwaka 2000 akakiri kwamba amepotosha taarifa. Majaribio mengine yaliyofanywa kwa haki hayakuonyesha kwamba mateso yale yanawaongezea uhai. Kwa hiyo kuna kimo ambacho mseto ukikivuka unaongeza maumivu tu.

BABU: Haya. Mimi sasa nina mseto wangu. Mtoto anarudi kutoka mjini, hana nywele, mdomo umechubuka, hali chakula. Bibi yake anakuja kwangu usiku. Nimfukuze? Nampa majani ya kumrudishia hamu ya kula, namwambia mengine achemshe aoge.

DAKTARI: Ya kuoga sina neno. Ya kunywa ndiyo nagombana nawe. Dawa zile zinasafishwa na ini na figo. Siklofosfamidi yenyewe haifanyi kazi mpaka ini iigeuze. Ukiingiza mizizi ambayo hatujui ini linaifanyia nini, hujui kama umeipunguza dawa au umeizidisha. Si kwamba mmea hauna nguvu. Una nguvu ndiyo maana naogopa. Lile ua la waridi na jeupe linaloota uwanjani kwa watu hapa pwani, asili yake Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini.

BABU: Kumbe! Hilo linalokanyagwa na mbuzi? Basi mmechukua la kwetu mkalitia kwenye chupa.

DAKTARI: Tumelichuja. Gramu moja ya vinkristini inataka majani makavu kama nusu tani. Na ndani ya jani hilohilo kuna kemikali nyingine kadhaa wa kadhaa, baadhi zinashusha presha, baadhi ni sumu tu. Hata hiyo iliyochujwa ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa bahati mbaya badala ya mshipa, mtu anakufa. Hospitali zina sheria za kuitenga na sindano nyingine. Sasa wewe uchemshe sufuria?

BABU: Sitachemsha. Lakini nami nina langu la kusema, na hili nalisema mbele ya Mwalimu aliandike. Mtoto mwenye taya anakuja kwangu kabla hajaja kwenu. Nimekwisha kuwaambia watu, huyu si wangu, mpelekeni hospitali. Wameenda. Sijawahi kurudishiwa habari hata ya mmoja. Alipona, alikufa, sijui. Ninyi mnatuita wajinga, lakini hamtupi cha kujifunzia. Milima hii iliwahi kuahidiwa dawa moja ya kushinda kila kitu, mnajua yalivyokwisha. Msishangae tukiuliza.

Nandete, ambako mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani na vita vya Majimaji vikaanza, ni jirani na Kipatimu. Babu hakuhitaji kulieleza hilo mbele ya watu wa kwao. Nami naongeza tu kwamba watu hawa wana sababu ya kuhoji dawa kama ile ya mtabiri wa Majimaji na sababu nyingine tele ya kuhoji amri ya ofisini.

Jawabu la ubishi wa Daktari na Babu, kwa maoni yangu, halitoki Ulaya wala Marekani. Tanzania ilikwisha kulitoa kwa ugonjwa mwingine. Kifua kikuu kilipopata mseto wa dawa uliofupisha tiba, na majaribio ya kwanza ya tiba fupi ya miezi sita yakafanyika hapahapa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, swali lilikuwa hilihili: mkulima wa kijijini atamalizaje? Katika Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 chini ya ushauri wa mtaalamu Karel Styblo, mgonjwa wa tiba hiyo fupi alilazwa miezi miwili ya mwanzo, yenye dawa nzito, akameza kila dozi mbele ya macho ya mtu. Kisha aliendelea karibu na kwao, jina lake likiwa kwenye daftari la wilaya, na kila robo mwaka mtu alihesabu nani amepona, nani amekufa, nani ametoroka. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo likaueneza duniani kote. Nguvu ya mseto haikukaa kwenye vidonge peke yake. Ilikaa kwenye kitanda cha miezi miwili na kwenye daftari. Wataalamu wetu wa saratani wanalijua hili, ila bajeti mara nyingi huandikwa kana kwamba kinachonunuliwa ni chupa za dawa tu.

Kwa Burkitt kitanda cha namna hiyo si ndoto. Tiba nzima ni miezi, si miaka kama ya saratani ya damu. Watoto, ambao zamani walitibiwa Ocean Road, siku hizi wanatibiwa Muhimbili bila malipo, na shirika la Tumaini la Maisha linasaidia gharama na mahali pa kufikia familia zinazotoka mbali. Mtoto akikaa umbali wa kutembea kutoka wodini, siku ya kumi inamkuta mahali pake, na hapo mseto mzito kiasi unakuwa salama. Asiyeweza kukaa, kwa sababu yoyote ile, apewe mpango mwepesi kwa makusudi, ulioandikwa hivyo tangu mwanzo. Asipewe mzito uliokatikakatika. Huo ndio msimamo wangu, na Bibi ameupinga papo hapo.

BIBI: Mwandishi, wewe umesema "asiyeweza kukaa, kwa sababu yoyote." Sababu zenyewe hukuzitaja. Miezi minne niko Muhimbili, chakula napewa, godoro napewa, nashukuru. Ufuta wangu uko shamba, mwezi wa sita unapasuka wenyewe usipovunwa, na mnada haunisubiri. Hiyo ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mtoto wa pili nimemwacha. Mama yao akiomba ruhusa kazini kwa tajiri anaambiwa asirudi. Sasa si kwamba siwezi kukaa. Ni kwamba mnaniuliza nimpoteze yupi.

MWALIMU: Hilo nalo tuliweke kwenye gharama za tiba. Afisa ustawi wa jamii yupo wilayani, serikali ya kijiji ipo...

BIBI: Mwalimu, mwanangu, serikali ya kijiji haivuni ufuta.

DAKTARI: Bibi, nikikuandikia tarehe zote siku ya kwanza, kuanzia kulazwa hadi sindano ya mwisho, utaweza kupanga?

BIBI: Kupanga ningeweza. Wanaponiambia "utaambiwa" ndipo ninaposhindwa. Nikijua mwezi wa sita wote nipo huko, nitaukodisha ule ufuta ungali shambani, au nitampa ndugu avune kwa nusu. Nipe tarehe, na unisemee neno moja: ukiona huyu mtoto haponi, usinifiche, nirudi naye nyumbani mapema.

DAKTARI: Nitalisema mwenyewe.

BABU: Na wa pili mlete kwangu. Nyumba kubwa, wanawake wapo, atakula na wenzake.

BIBI: Kwa sharti moja, Babu. Usimnyweshe kitu.

BABU: Hata uji?

BIBI: Uji apikiwe na mkeo.